Imani Yenye Gharama: Safari katika Nchi ya Washairi wa Wales

Anayeingia Wales kutoka Uingereza kupitia Shrewsbury hukutana na nyumba za ibada mapema kuliko milima. Kila kijiji kina kanisa la Kianglikana lililozungukwa na makaburi, na hatua chache mbele yake viko vikanisa vya Wamethodisti, Wabaptisti au Wakongregesheni: kuta za mawe, madirisha marefu, jina kama Bethel au Seion, na mwaka wa kujengwa umechongwa juu ya mlango. Vingi vimefungwa. Vingine vimegeuzwa nyumba za kuishi, na mapazia ya watu yananing'inia kwenye madirisha yaliyokuwa yakimulika mimbari. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba asilimia 46.5 ya wakazi walisema hawana dini, na waliojitaja kuwa Wakristo walikuwa asilimia 43.6, na hii ndiyo nchi ambayo mwaka 1904 uamsho ulioongozwa na Evan Roberts, kijana aliyewahi kuchimba makaa ya mawe, ulianzia Loughor ukaitikisa yote. Wasomaji wengi huuchukulia ushairi wa dini wa Wales wa karne ya 20 kuwa matanga ya imani hiyo. Nimeizunguka nchi nikifuata mahali walipoishi washairi wake, kutoka mpaka wa mashariki hadi rasi ya Llŷn, kisha kusini hadi Cardiff, nikiwa na vitabu vyao mkobani, na rai yangu ni tofauti. Imani haikufa ndani ya mashairi makanisa yalipopungukiwa na watu. Kilichobadilika ni ushahidi wake. Zamani ushahidi ulikuwa furaha ya mkutano mzima ukiimba. Kwa washairi wakubwa wa karne iliyopita ushahidi ukawa gharama: kazi iliyoachwa, kifungo kilichotumikiwa, miaka ya kupiga magoti mbele ya Mungu asiyejibu.

Ili kuona kilichobadilika inabidi kuanza kabla ya mabadiliko, ndiyo maana nilianzia Dolwar Fach, shamba lililo karibu na Dolanog katika eneo la Montgomeryshire. Hapa alizaliwa Ann Griffiths mwaka 1776, na hapa alifariki 1805, muda mfupi baada ya kujifungua. Barabara ni nyembamba, ina ua wa miti pande zote mbili, na hakuna cha fahari cha kutazama. Palikuwa shamba la kondoo na pamebaki shamba. Ann hakuandika kitabu. Tenzi zake alizitamka, na mtumishi wa nyumbani, Ruth Evans, ambaye hakujua kuandika, akazihifadhi kichwani. Ann alipokwisha kufariki, Ruth akamtamkia mumewe, mhubiri John Hughes wa Pontrobert, naye akazitia kwenye karatasi. Mwandiko wa Ann mwenyewe tulionao ni barua moja tu, ndani yake ubeti mmoja. Nauona mpokeo huu kuwa na maana kubwa kuliko maelezo yoyote ya kitaalamu kuhusu imani ya jumuiya: mmoja anatunga, wa pili anakariri, wa tatu anaandika, na taifa zima linaimba. Lakini Ann si shahidi mwepesi wa uhakika. Beti zake zimejaa mshangao wa mtu anayejaribu kuweka pamoja mambo yasiyokaa pamoja, Muumba asiye na mipaka na mwili unaofungwa sanda, na zina kiu ambayo haitulizwi upande huu wa kaburi. Ndiyo maana waandishi wa kisasa wanamrudia. Saunders Lewis alimtolea mhadhara mashuhuri mwaka 1965, R. S. Thomas alimtungia mashairi, na Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na ambaye mwenyewe ni mshairi, alitafsiri tenzi zake kwa Kiingereza.

Kutoka hapo nilielekea Bala, ambako Ann alikuwa akivuka milima kwa miguu kwenda kushiriki meza ya Bwana chini ya mhubiri Thomas Charles. Kwa huyuhuyu Charles, mwaka 1800, msichana aitwaye Mary Jones alitembea kilomita zipatazo 40 kununua Biblia ya Kiwelisi, na habari zake zilichangia kuanzishwa kwa chama cha Biblia mjini London mwaka 1804, chama kilekile ambacho baadaye kilichapisha Maandiko kwa Kiswahili. Msomaji wetu anaguswa na nchi hii kwa njia nyingine pia, kwa kuwa utenzi mashuhuri kuliko zote wa William Williams wa Pantycelyn, unaomwomba Yehova amwongoze msafiri jangwani, huimbwa Afrika Mashariki kwa tafsiri. Lakini Bala ina uzito katika hoja yangu kwa sababu inaonyesha jinsi dini na lugha zilivyofungamana. Biblia nzima ilitoka kwa Kiwelisi mwaka 1588, kazi ya William Morgan, wakati ambapo sheria ilikuwa imekwisha kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na serikali. Lugha iliyofukuzwa baraza la dola ikapata kiti cha heshima madhabahuni. Kwa hiyo mshairi wa Kiwelisi, hata asiyesali, hawezi kuikwepa misamiati ya Biblia: ndiyo lugha fasaha aliyorithi. Ni urithi mzuri, na pia ni mtego, maana maneno matakatifu yanaweza kutamkwa kwa ufasaha na mtu asiyeyamaanisha.

Mtego huo ulionekana wazi mwaka 1914. Vita vilipozuka, baadhi ya wachungaji walihubiri kuwaita vijana jeshini. John Williams wa Brynsiencyn, mhubiri aliyependwa mno, alipanda mimbarini akiwa amevaa sare ya kijeshi. Wanahistoria hutaja sababu nyingi za kupungua kwa waumini, zikiwemo viwanda, elimu na uhamaji, nami sizikatai. Ila kwa washairi naamini jambo hili lilikuwa na uzito wake peke yake: sauti ileile iliyoimba rehema ilitumika kuandikisha askari, na baada ya hapo ufasaha wa kidini haukuweza tena kuwa ushahidi wa kitu chochote. T. H. Parry-Williams wa Rhyd-ddu, kijiji kilicho chini ya mlima Yr Wyddfa, alikataa kupigana, na mashairi yake yanabaki kwenye mwamba na ukungu wa kwao bila kukiri lolote juu ya mbingu. Namtaja kwa sababu haki inanidai kumtaja: ni miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha hii, na hoja yangu haimhusu. Sitaki kumbatiza kwa nguvu. Ninachodai ni kwamba wale walioendelea kuamini walilazimika kuamini kwa namna ambayo ingemfanya mtu kama yeye awaheshimu.

Barabara inayoingia rasi ya Llŷn inapita Penyberth, na hapo pingamizi la kwanza linamngoja msafiri. Mwaka 1936 watu watatu walichoma mabanda ya shule ya marubani wa mabomu iliyokuwa ikijengwa hapa: Saunders Lewis, mtunzi wa tamthilia na mashairi aliyeingia Ukatoliki mwaka 1932, Lewis Valentine, mchungaji wa Kibaptisti, na D. J. Williams, mwalimu na mwandishi. Walijisalimisha polisi wenyewe na wakafungwa miezi tisa kila mmoja. Valentine ndiye baadaye aliyetunga utenzi wa kuiombea Wales unaoimbwa hadi leo kwa lahani ya Finlandia ya Sibelius. Wako wanaosema kwamba basi, hii si imani bali utaifa uliovaa kanzu. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Kwa Lewis, Ukatoliki ulikuwa pia ndoto ya Wales ya zama za kati, na shairi lake la 1939 kuhusu mabonde ya viwanda limelaumiwa kwa kuwadharau wasio na kazi, lawama ninayoiona ya haki kabisa. Imani isiyoweza kumtazama mchimba makaa mwenye njaa bila kukunja pua ina kasoro, hata kama mwenye imani hiyo yuko tayari kwenda jela. Kwa hiyo gharama peke yake haitoshi, na ningekuwa mzembe kudai hivyo. Lazima tuulize gharama ililipwa kwa ajili ya nani. Swali hilo nililichukua nikaenda nalo hadi mwisho wa rasi.

Aberdaron iko mahali ambapo nchi inakwisha. Kanisa la Mtakatifu Hywyn limejengwa ufukweni kabisa, makaburi yake yakishuka mteremko hadi kwenye ukuta wa kuzuia bahari, na siku ya upepo sauti ya mawimbi inasikika ndani kuliko sauti ya mtu anayesoma. Ndani yamehifadhiwa mawe mawili ya makaburi ya mapadre wa karne za mwanzo za Ukristo hapa, Veracius na Senacus. Herufi za Kilatini zimechongwa bila kunyooka, zikipanda na kushuka kama mchongaji alikuwa akiufuata uso wa jiwe na si mstari, na la Senacus linasema kwamba amelala hapo pamoja na umati wa ndugu zake. Mbele ya bahari kuna kisiwa cha Enlli, ambako mapokeo yanasema wamezikwa watakatifu 20,000, na mahujaji wa zamani waliamini kwamba kukizuru mara tatu ni sawa na kuzuru Roma mara moja. Katika kanisa hili R. S. Thomas alikuwa kasisi kuanzia 1967 hadi 1978. Alizaliwa Cardiff mwaka 1913, akalelewa kwa Kiingereza, akajifunza Kiwelisi ukubwani, na akaishi na uchungu wa kuwa mzalendo wa Wales asiyeweza kutunga mashairi yake kwa lugha ya Wales. Tawasifu yake aliiandika kwa Kiwelisi, lakini shairi lilikataa. Parokia yake ya kwanza kama kasisi kamili ilikuwa Manafon, si mbali na Dolwar Fach, ambako wakulima wa milimani walimfundisha kwamba elimu ya theolojia haiongei na mtu anayechimba viazi mvuani. Aberdaron ilimpa somo gumu zaidi. Vitabu vya kipindi hiki, kama *H'm* cha 1972 na *Laboratories of the Spirit* cha 1975, vinazungumza na Mungu ambaye dalili yake kuu ni kutokuwepo: kimya, nafasi tupu, mahali ambapo mtu anafika na kukuta mwenyeji amekwisha ondoka.

Hapa pingamizi ni kali. Husemwa kwamba Thomas alikuwa mtu aliyepoteza imani akabaki na kazi, na kwamba mashairi yake ni ukanaji wa Mungu ulioandikwa na mtu mwenye kola ya ukasisi. Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda mrefu kuliko mengine, na nalijibu kwa mambo matatu ambayo hayana nguvu sawa. La kwanza ndilo dhaifu: kwamba Ukristo una mapokeo marefu ya kumjua Mungu kwa kile asichokuwa, kutoka kwa wamistiki wa Hispania hadi kwa mwanafalsafa Kierkegaard, ambaye Thomas alimsoma kwa bidii. Hilo ni kweli, lakini mtu anaweza kuazima mapokeo kama anavyoazima vazi. La pili lina nguvu zaidi, nalo ni umbo la mashairi yenyewe. Yanauliza, yanasubiri, yanalaumu, na sauti yake huelekezwa kwa mtu. Asiyeamini haulizi kwa nini hakujibiwa. La tatu ndilo linalonishawishi kabisa. Thomas alistaafu mwaka 1978, akahamia nyumba ndogo ya mawe ya Sarn-y-Plas huko Rhiw. Kuanzia hapo hakuwa na mshahara wa kulinda wala waumini wa kuwaridhisha. Kama imani yake ilikuwa ya kazi, hapo ndipo ingekoma. Kinyume chake, aliendelea kutunga mashairi ya kumtafuta Mungu kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 1992, baada ya kufiwa na mkewe, mchoraji Mildred Eldridge, alitoa kitabu alichokiita *Mass for Hard Times*, yaani Misa ya nyakati ngumu. Alifariki mwaka 2000 bila kupata jibu ambalo angeweza kulitangaza. Nani alifaidika na gharama hiyo? Nadhani wale wote wanaopiga magoti bila kuhisi chochote na kudhani kwamba peke yao ndio walio hivyo. Utenzi wa Pantycelyn haukuwa na nafasi kwa ajili yao. Thomas aliwapa nafasi, na aliwapa bila kuwadanganya.

Nikishuka pwani kuelekea kusini nilipita Eglwysfach, parokia yake ya kati, kijiji kilichokuwa na Waingereza wengi waliostaafu. Aliyapaka mabenchi ya kanisa rangi nyeusi, na wengi hawakumpenda. Sina la kuongeza hapo. Milima ya Preseli, katika Pembrokeshire, ndiyo iliyonifanya nipunguze mwendo.

Ni milima ya chini, ya nyasi na magugu, na vilele vya mawe yaliyovunjika. Kutoka hapa yalitolewa mawe ya buluu yaliyosafirishwa zaidi ya kilomita 200 hadi Stonehenge. Kwenye uwanda wa Rhos Fach karibu na Mynachlog-ddu limesimamishwa jiwe la kumkumbuka Waldo Williams, aliyezaliwa 1904 na kufariki 1971. Alikuja hapa mtoto wa miaka saba, anazungumza Kiingereza, na Kiwelisi alikiokota kwa watoto wenzake uwanjani. Alichapisha kitabu kimoja tu cha mashairi kwa watu wazima, *Dail Pren*, mwaka 1956. Mwaka 1953 alijiunga na Marafiki, dhehebu la Waquaker lililojikita magharibi ya Kenya tangu misheni ya Kaimosi ya 1902, watu wanaokaa kimya ibadani na wasiobeba silaha. Vita vya Korea vilimtesa dhamiri hata akaacha kazi ya mshahara ili asikatwe kodi ya kugharimia mauaji, kisha akakataa kulipa kodi aliyodaiwa. Madalali wa mahakama walichukua vyombo vyake vya nyumbani, naye akafungwa mwaka 1960, akafungwa tena 1961. Korea haikuwa Wales. Watu waliokuwa wakichomwa huko hawakujua neno moja la Kiwelisi, wala hapakuwa na faida yoyote kwa taifa lake katika kifungo chake. Hilo ndilo jibu langu kwa pingamizi la Penyberth: Waldo aliipenda Preseli na aliitetea wakati Wizara ya Vita ilipoitaka iwe uwanja wa mazoezi ya jeshi, lakini upendo huo wa nyumbani ndio uliomfundisha kwamba kila mtu ana nyumbani kwake.

Mtu atasema hayo ni maadili, au siasa ya amani, na hayahitaji Mungu. Lakini shairi lake kubwa, *Mewn Dau Gae*, linatoka mahali pengine. Waldo alieleza kwamba lilitokana na tukio la ujana wake, akiwa kwenye pengo la ua kati ya mashamba mawili ya jirani, alipotambua ghafla na kwa uhakika kwamba watu kwanza kabisa ni ndugu. Mashamba hayo yapo mpaka leo, ni ya nyasi tu kama mengine ya jirani, na pengo la ua ni pengo la kupitishia mifugo. Katika shairi, utambuzi huo haukuwa wazo alilolifikia kwa kufikiri. Ni kitu kilichomjia, kilichokuwa kikimtafuta yeye na wengine wote. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza kupewa, kisha kudaiwa. Aliyepewa maono ya udugu hawezi kulipa kodi ya kumuua ndugu, na asipolipa anafungwa. Huwezi kuukata mnyororo huo katikati ukabaki na Waldo, wala na ushairi wake, kwa sababu ule wepesi wa beti zake, ambao wasomaji huuita utakatifu wake, ni wepesi wa mtu ambaye matendo yake hayayasuti maneno yake.

Bonde la Tawe, juu ya Swansea, halina uzuri wa Preseli. Pontardawe na Alltwen zilikuwa makazi ya watu wa viwanda vya chuma na bati, na hapa alizaliwa mwaka 1899 David James Jones, anayejulikana kwa jina la Gwenallt. Alifungwa katika Vita vya Kwanza kwa kukataa kupigana, akiwa kijana wa Kimarksi zaidi ya kijana wa kanisa. Mwaka 1927 baba yake alikufa kiwandani, ameunguzwa na chuma kilichoyeyushwa, na mchungaji akasema mazikoni kwamba ndiyo mapenzi ya Mungu. Gwenallt aliandika baadaye jinsi alivyomlaani mhubiri huyo na Mungu wake moyoni. Mwaka uliofuata shairi lake kuhusu mtakatifu mwenye tamaa za mwili lilinyimwa kiti cha ushindi katika Eisteddfod, tamasha la taifa la mashindano ya ushairi, lililofanyika Treorci, kwa kuonekana chafu, na kiti hakikupewa mtu yeyote mwaka huo. Mtu huyu ndiye aliyerudi kuwa mshairi Mkristo mwenye sauti kubwa kuliko wote wa kizazi chake. Hakurudi kwa kusahau. *Eples*, kitabu chake cha 1951, kina shairi linalowahesabu wafu wa bonde hili, majirani waliokohoa mapafu yao yaliyojaa vumbi hadi mwisho, na hasira ya kikomunisti ya ujana wake imo bado, haijatubiwa. Alichokigundua ni kwamba Umarksi uliweza kumweleza kwa nini baba yake aliuawa lakini haukuweza kumwambia baba yake ni nani sasa. Na kwa kuwa alikuwa mtoto wa kiwanda, mwili uliounguzwa na mwili wa Kristo msalabani kwake haikuwa mifano miwili iliyowekwa bega kwa bega. Yale ambayo Saunders Lewis aliyatazama kutoka juu, Gwenallt aliyazika.

Tangu nimwache Ann nimeongea juu ya wanaume waliokwisha kufa, na Cardiff inanidai kujibu hilo. Kwenye ghuba yake kimesimama Wales Millennium Centre, kilichofunguliwa 2004, na maneno ya Gwyneth Lewis yamekatwa mbele yake kwa herufi kubwa ambazo ni madirisha: Kiwelisi upande mmoja, Kiingereza upande mwingine. Aliteuliwa mwaka uliofuata kuwa Mshairi wa Taifa wa kwanza, na katika vitabu vyake malaika na sala vinakaa pamoja na vyombo vya anga na magonjwa ya akili bila kuomba radhi. Sidai kwamba vijana wanaotunga leo wanaamini. Wengi hawaamini, na takwimu za sensa si kitu cha kubishana nacho. Wala sidai kwamba kila anayetumia neno la Biblia anasali. Kipimo changu ni kilekile: maneno hayo yanamgharimu nini, na kwa ajili ya nani. Kwa kipimo hicho Menna Elfyn, aliyezaliwa 1951, binti wa mchungaji, yumo bila shaka. Alifungwa kwa kampeni za kuitetea lugha ya Kiwelisi, na kitabu chake cha 1996, *Cell Angel*, kinaingiza malaika ndani ya selo ya jela, mahali ambapo Gwenallt na Waldo walikuwa wamemtangulia. Katika mashairi hayo asiyeonekana anatajwa kwa sababu aliye kwenye selo anahitaji mtu wa kukaa naye, na mshairi anakaa.